Maswali yenu: Nyambizi ya Mjerumani iliyopanda mwamba pwani ya Somalia

SWALI: Salaam. Marehemu babu yangu alikuwa baharia wa majahazi, amekwenda sana pwani ya Somalia mpaka Aden. Alikuwa akituambia kusini ya Ras Hafun kuna nyambizi ya Wajerumani ilipanda mwamba wakati wa vita vya Hitler, na mabaharia wake wakakamatwa na askari wa ngamia. Sisi watoto tulidhani ni hadithi za kutulaza. Je ni kweli? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Ni kweli kabisa ndugu yangu, na Mungu amrehemu babu yako, maana hakuongeza chumvi hata kidogo. Nyambizi yenyewe inaitwa U-852. Hazikupewa majina kama meli nyingine, zilipewa namba tu. Iliundwa Bremen kwenye karakana ya AG Weser, ikashushwa majini Januari 1943, ikaingia kazini rasmi Juni 15, 1943. Kapteni wake kuanzia mwanzo mpaka mwisho alikuwa mtu mmoja, Heinz-Wilhelm Eck, kijana wa miaka 27 aliyekuwa ametumikia sana meli za kuondoa mabomu ya baharini, na hii ilikuwa nyambizi yake ya kwanza kuiongoza.

Na ilisafiri mara moja tu. Ilitoka Kiel Januari 18, 1944, ikazunguka juu ya Uingereza, ikateremka Atlantiki yote, ikapita Cape ya Afrika Kusini, ikapanda mpaka huku kwetu. Mei 3, 1944 ikaishia kwenye mwamba wa Bandar Beyla, hapo kusini ya Ras Hafun alipokuambia babu. Ndani walikuwemo watu 66, saba wakafa, 59 wakatoka hai. Waliowakamata ni askari wa ngamia wa jeshi la Waingereza la Somaliland pamoja na mabaharia walioshuka kutoka meli ya kivita Falmouth. Sehemu ile ilikuwa Somalia ya Mtaliano ila Muingereza alishaichukua tangu 1941, ndo maana askari wake walikuwepo. Kwa hiyo babu alipotaja ngamia alikuwa anajua anachosema, na kama kuna mzee mwingine kwenu anayekumbuka maneno yake basi yaandikeni kabla hayajapotea, nawaomba kwa dhati.

SWALI: Mimi kinachonisumbua ni mafuta. Kutoka Ujerumani mpaka Somalia kwa kuzunguka Afrika Kusini, tena chini ya maji, inawezekanaje? Na walikuwa wanafuata nini huku? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hapo kwenye "chini ya maji" ndipo wengi tunapokosea. Nyambizi za wakati ule zilikuwa ni meli za juu zenye uwezo wa kuzama kidogo, sio kama hizi za nyuklia za leo zinazokaa chini miezi. Juu zilikwenda kwa injini za dizeli, na dizeli inataka hewa. Ikishazama unazima dizeli unatumia betri, na betri zikiisha utake usitake unapanda juu kuzichaji, huku rubani wa adui anakusubiri. Hii U-852 ilikuwa ya aina wanayoiita IXD2, ndefu karibu mita 88, kubwa kuliko nyingi walizokuwa nazo, na ikienda taratibu juu ya maji matangi yake yalitosha zaidi ya maili za baharini 20,000. Juu ilifika maili 19 kwa saa, lakini chini haifiki hata 7. Hiyo tofauti uishike, tutairudia.

Kilichowaleta ni hivi. Kufikia 1943 Atlantiki ya kaskazini iliwashinda, ndege na rada ziliwamaliza, wakaamua kutuma nyambizi kubwa Bahari ya Hindi ambako ulinzi ulikuwa mdogo, zikatie nanga Penang huko Malaya iliyokuwa mikononi mwa Mjapani. Lile kundi waliliita Monsun, yaani jina la pepo zetu hizi hizi za kusi na kaskazi. U-852 nayo ilikuwa inaelekea huko huko Penang na haikufika.

Kitu kingine walichobeba kwenye nyambizi hizi, na mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilirudia mara mbili, ni kama tiara kubwa la kupanda mtu mmoja. Lina mapanga juu kama helikopta ila halina injini, linafungwa kwa waya mrefu nyuma ya nyambizi, nyambizi ikikimbia upepo unayazungusha mapanga na mtu anapaa juu mita mia na zaidi anatazama meli ziko wapi. Sasa fikiria wewe ndo uko juu kule unaning'inia, ndege ya adui ikatokea, nyambizi inataka kuzama na wewe bado hujashushwa. Waingereza walilipata la kwanza kwenye hii hii U-852, mpaka hapo walikuwa hawajawahi kulishika mikononi.

SWALI: Naishi Changamwe. Kuna mtu kaniambia ndege zilizoimaliza hiyo nyambizi zilitoka hapa kwetu Port Reitz. Nimebishana naye mpaka tukawekeana dau la soda. Nani amlipe mwenzake? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Gaweni hiyo soda. Kikosi kilichoipiga, namba 621 cha jeshi la anga la Muingereza, kilianzishwa Port Reitz Septemba 1943, kwa hiyo mwenzako ana haki, ni kikosi kilichozaliwa Mombasa. Lakini kabla mwaka haujaisha kilihamia Aden, na siku ya tukio ndege zake zilikuwa zinafanya doria upande wa Aden na Somalia pamoja na za kikosi namba 8, kwa hiyo na wewe una haki.

Ndege zilikuwa Wellington, injini mbili, sita zilihusika kwa jumla. Asubuhi ya Mei 2 moja iliikuta nyambizi iko juu ya maji, na nyambizi ikikutwa juu ina mambo mawili tu, izame haraka au ipigane. Eck alizama, lakini mabomu yale ya kulipukia chini ya maji yalishaangukia karibu yakaivuruga ndani, na hapo rudini kwenye betri. Betri zile zina asidi, zikipasuka na maji ya chumvi yakaingia inatoka gesi ya klorini, ile inayochoma macho na mapafu, na mko 66 ndani ya bomba la chuma mlilolifunga wenyewe. Hamna pa kukimbilia ila juu. Basi wakapanda, wakabaki juu wanapigana kwa mizinga ya kutungulia ndege huku wakikimbilia pwani, na ndege zikawa zinapokezana, hii ikiishiwa mabomu inakuja nyingine. Kesho yake Eck akaona haiwezi tena kuzama wala kufika popote, akaipandisha mwambani ili watu wake wafike nchi kavu, halafu wakajaribu kuilipua wenyewe isimfae adui. Haikulipuka yote, na vitu vilibaki ndani. Kimoja cha hivyo vitu ndicho kilichokuja kumuua kapteni, soma swali linalofuata.

SWALI: Hujambo mwanangu. Kijana wangu ni baharia wa meli za mizigo, ndo maana nafuatilia. Nimesikia kapteni wa nyambizi hiyo alipigwa risasi baada ya vita kwisha. Kosa lake nini? Si alitumwa kuzamisha meli na akazamisha? Mbona wengine waliozamisha nyingi zaidi waliachwa? (Mama baharia, Tanga)

JIBU: Shikamoo mama. Swali lako ndo kiini cha habari yote na nitalijibu kwa urefu, unisamehe kama kuna sehemu zinauma.

Kuzamisha meli siko kulikompeleka mahakamani. Ni alichofanya baada ya meli kuzama.

Machi 13, 1944 usiku, katikati ya Atlantiki ya kusini, aliikuta meli ya mizigo ya Kigiriki inaitwa Peleus, iliyokodishwa na serikali ya Uingereza, imetoka Freetown Sierra Leone inaelekea Amerika ya Kusini peke yake bila msafara. Watu 35 ndani, wengi Wagiriki, wengine Waingereza na wa mataifa mengine. Mabaharia wa mizigo mama, kama huyo mwanao. Akaipiga topido mbili ikazama ndani ya dakika chache. Waliowahi kuruka wakashika mbao na machelezo yaliyoelea. Nyambizi ikasogea, ikamchukua ofisa wa tatu wa meli na mwenzake mmoja, wakahojiwa: meli yenu inaitwaje, mmetoka wapi, nyuma yenu kuna nani. Wakajibu. Wakarudishwa kwenye chelezo. Mpaka hapo ni vita, mbaya lakini ni vita.

Halafu nyambizi ikaondoka kidogo, ikatayarisha silaha, ikarudi. Wale kwenye machelezo wakamulikwa taa na kuitwa wasogee, na wao wakasogea kwa sababu mtu aliyeko majini usiku akiitwa na chombo anajua anaokolewa. Wakafyatuliwa bombomu, yakarushwa na mabomu ya mkono. Kazi hiyo ilikwenda kama saa tano, mpaka saa saba ya usiku, kwenda na kurudi katikati ya vile vipande vya meli gizani.

Kwa nini? Eck mwenyewe mahakamani hakukataa. Alisema nyambizi kubwa kama yake zilishapotea kadhaa upande ule, na kesho yake ndege ikipita ikaona mabaki ya meli yanaelea itajua nyambizi iko karibu, kwa hiyo alitaka kufuta dalili zote, machelezo yazame. Alisema hakuwalenga watu, alilenga machelezo. Lakini watu walikuwa juu ya machelezo na alijua. Ofisa wake wa injini, Hans Lenz, alimwambia palepale kwamba hakubaliani na amri hiyo, akapuuzwa. Na kazi ilipoisha alizungumza na mabaharia wake kwa kipaza sauti kwa sababu aliona nyuso zimebadilika, akawaambia ikiwaingia huruma wakumbuke wake zao na watoto wao wanaokufa kwa mabomu ya ndege kule nyumbani.

Mimi jambo hili nimelifikiria sana na kila nikipiga hesabu yake naona inakataa. Nyambizi ile juu ya maji ilikuwa na uwezo wa maili 18 kwa saa bila shida. Saa tano ni maili 90. Angeondoka palepale meli ilipozama, mpaka kunakucha angekuwa mbali kabisa na yale mabaki yakae yanavyotaka. Na machelezo yenyewe yakakataa kuzama, mafuta yakabaki juu ya maji, mbao zikabaki. Yaani aliua watu kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwezekana, na muda alioutumia kuua ndo ungemficha. Mahakama nayo iliuliza hilo la kuondoka. Upande wake wa utetezi ulimleta shahidi, Adalbert Schnee, kapteni wa nyambizi mwenye sifa kubwa huko kwao, aje kueleza hatari zilizokuwepo. Akazieleza vizuri. Ila alipobanwa na swali kama yeye mwenyewe angefanya hivyo, akasema hapana.

Sasa walijuaje? Kwanza, sio wote waliokufa. Wanne walibaki hai juu ya machelezo katikati ya maiti za wenzao, akiwemo ofisa mkuu wa meli Antonios Liossis na yule yule ofisa wa tatu aliyehojiwa, ambaye alijeruhiwa vibaya. Wakaelea zaidi ya mwezi mzima kwa maji ya mvua na chakula cha kuokota kwenye mabaki. Ofisa wa tatu akafa huko huko majini baada ya siku kama 25. Waliobaki watatu wakaonwa mwezi wa nne na meli ya Kireno, Alexandre Silva, ikawateremsha Lobito, Angola. Kumbuka mwezi huo huo wa nne nyambizi ilikuwa imeshazamisha meli nyingine ya Muingereza, Dahomian, karibu na Cape Point, na safari hiyo watu waliwaacha, wakafa wawili tu wengine wote wakaokoka.

Pili ni ile batli. Wewe mama wa baharia unaijua batli, kitabu ambacho kapteni anaandika kila siku tuko wapi, tumekutana na nini, tumefanya nini. Kwenye ile purukushani ya mwambani, watu wanakufa, ndege zinarudi, hakuna aliyekumbuka kuitupa au kuichoma. Waingereza walipoingia wakaikuta. Ndani imeandikwa tarehe na mahali meli ilipozamishwa, na vilikubaliana na maneno ya wale watatu waliotolewa baharini upande wa pili wa Afrika. Na mabaharia wa nyambizi walipohojiwa nao wengine wakasema waliyoyaona. Kapteni alitumia saa tano za usiku kufuta alama majini na alama yake mwenyewe iko mezani kwa wino.

Kuhusu hao wengine walioachwa, wao walizamisha meli hawakurudi kuwapiga watu waliokwisha kuzamishwa. Ndo tofauti yenyewe mama, na mwenye mtoto baharini anaiona bila kuelezwa.

SWALI: Nasoma sheria mwaka wa pili. Kesi ya Peleus tumeigusa darasani kwa dakika tano tu kwenye mada ya amri ya mkubwa. Nani walishtakiwa na kila mmoja alijitetea vipi? Na ile amri ya Dönitz, mkuu wa nyambizi za Ujerumani, ilihusika? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Dakika tano ni kidogo sana kwa kesi hiyo. Ilisikilizwa Hamburg Oktoba 17 mpaka 20, 1945 mbele ya mahakama ya kijeshi ya Waingereza, na ndani ya wajumbe waliwekwa maofisa wa Kigiriki kwa sababu meli na wengi wa waliokufa ni wa kwao. Washtakiwa watano: Eck, ofisa August Hoffmann, daktari wa nyambizi Walter Weispfennig, Lenz wa injini, na baharia mmoja wa kawaida, Wolfgang Schwender.

Eck alijitetea kwa ulazima wa kazi ya vita kama nilivyosema, na jambo moja nampa haki yake, hakujificha nyuma ya mtu. Amri ya Dönitz unayoiuliza ilitolewa Septemba 1942 baada ya meli Laconia kuzamishwa na nyambizi ya Kijerumani iliyokuwa inaokoa watu wake kupigwa na ndege ya Marekani. Inakataza kuokoa watu wa meli iliyozamishwa, haisemi waueni. Eck alisema uamuzi ni wake mwenyewe, hakuutupia juu. Wale wanne wengine wao walisema tuliamriwa na kapteni, na kwenye nyambizi katikati ya bahari utamkatalia nani.

Mahakama haikuikubali amri kama kinga. Ilichukuliwa hivi, askari hatakiwi kutembea na vitabu vya sheria mfukoni, lakini kuna amri ambazo ubaya wake mtu yeyote anauona, na kuwapiga watu wasio na silaha walioshika mbao majini ni mojawapo. Wa kumuangalia zaidi hapo ni yule daktari. Daktari wa jeshi kwa mikataba ya Geneva analindwa kwa sababu hapigani, na yeye alishika silaha usiku ule. Alijitetea kwamba aliamriwa, na haikumsaidia.

Hukumu zikatofautiana na hapo ndo somo lako la mtihani lilipo. Eck, Hoffmann na Weispfennig kifo. Lenz, yule aliyepinga kwa mdomo lakini baadaye naye akafyatua, maisha. Schwender, mdogo kuliko wote kwa cheo, miaka 15. Hao wawili waliachiwa miaka ya 50 mwanzoni. Wale watatu walipigwa risasi Novemba 30, 1945. Kapteni mwingine wa nyambizi ya Kijerumani aliyeuawa kwa hukumu ya namna hiyo hayupo, ni Eck peke yake.

Mimi mtu ninayemrudia kila mara sio Eck, ni Lenz. Aliona kosa, akalisema mbele ya mkubwa wake wakati wengine wamenyamaza, halafu mkono wake ukafanya kile kile ulichokipinga mdomo. Ukipata nafasi ya kuandika insha andika juu yake.

SWALI: Hizi habari za Wajerumani na Wagiriki sawa, lakini watu wetu walikufa na nyambizi huku? Kaka wa bibi yangu alikuwa keya, yaani askari wa Afrika Mashariki kwenye jeshi la Muingereza, upande wa mizinga, alipanda meli Mombasa 1944 hakurudi wala hatukuletewa kaburi. (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Pole sana, na poleni nyumbani kwenu, maana msiba usio na kaburi haupoi. Sijui meli ya babu yenu lakini kwa mwaka huo na kazi hiyo ya mizinga, kitu cha kwanza cha kuangalia ni Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 na msafara wa meli za askari kwenda Colombo, na ndani kulikuwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wetu mamia. Februari 12, upande wa Maldivi, nyambizi ya Mjapani I-27 iliipiga topido mbili. Ilizama ndani ya kama dakika mbili. Watu wako chini, wengine ndo wanakula, ngazi ni nyembamba. Walikufa 1,297, wakiwemo wauguzi wanawake, wakaokoka mia mbili na kidogo.

Na kuna jambo gumu ambalo sitaki kulificha kwa sababu tumewasema Wajerumani. I-27 ilijificha chini ya mahali palepale watu walipokuwa wanaogelea, na meli za kivita za Muingereza, Petard na Paladin, zilitupa mabomu ya chini ya maji huku wengine bado wako majini. Mbele yao kulikuwa na meli nyingine zimejaa askari, na nyambizi ikiachwa ingezipiga. Siliweki sawa na la Peleus, kule watu ndo walikuwa wanalengwa na hapa walilengwa waliokuwa chini, lakini mama zao huku Kisumu na Machakos na Tabora hawakuambiwa hata hilo.

Kuhusu kaburi: Nairobi, barabara ya Ngong, kuna makaburi ya vita, na ndani yake kuna ukumbusho wa Afrika Mashariki kwa ajili ya wasiokuwa na kaburi linalojulikana, pamoja na hao wa kikosi cha 301 waliopotea na Khedive Ismail. Majina yamechongwa. Nendeni na bibi kama bado anaweza safari, mchukue na jina la ukoo kama lilivyoandikwa jeshini, maana makarani waliyaandika walivyosikia, na mkilikosa kwa herufi mnayoijua tafuteni kwa matamshi.